Programu Huria na Daftari la Hitilafu: Kumbukumbu za Mradi ni za Nani?

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mijadala inayozuka mara kwa mara katika jumuiya za watunzi wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, upo mmoja ambao kwa juu juu huonekana kuwa wa kiufundi mtupu. Mjadala wenyewe unahusu swali hili: je, mradi wa programu huria uwe na daftari rasmi la hitilafu, ambamo kila kasoro inayoripotiwa hupewa namba, hadhi na mtu wa kuishughulikia, au yatosha wahusika waandikiane barua pepe na kurekebisha kasoro kadiri zinavyojitokeza? Wapo wanaoliona daftari kuwa ndio uti wa mgongo wa kazi ya ushirika. Wapo pia wanaoliona kuwa ni urasimu unaowapotezea muda wachache wanaofanya kazi kwa ajili ya wengi wanaolalamika.

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa, lina kasoro. Hakuna mradi wa programu uliodumu kwa miaka mingi bila daftari la namna fulani. Tofauti iliyopo ni kwamba baadhi ya miradi huliweka daftari hilo hadharani, na mingine huliacha vichwani mwa watu wachache waliokaa muda mrefu katika mradi. Kwa hiyo swali la msingi ni la umiliki wa kumbukumbu: nani anaweza kujua ni kasoro zipi zimekwisha kuripotiwa, zipi zimekataliwa, na kwa sababu gani?

Suala hili linawahusu wanaisimu wa Kiswahili kwa karibu zaidi kuliko linavyodhaniwa. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zinazofasiriwa katika programu huria. Mfasiri wa programu si mtunzi wa msimbo. Mara nyingi yeye hukaa mbali na jumuiya inayoamua, na lugha anayoitumikia haieleweki kwa wanaoamua. Kwake yeye, kuwapo au kutokuwapo kwa daftari lililo wazi ni tofauti kati ya kusikika na kutosikika.

2.0 Daftari la Hitilafu na Chimbuko Lake

Daftari la hitilafu ni hifadhidata ambayo kila ingizo lake ni ripoti moja. Ripoti iliyoandikwa vizuri hueleza mambo matatu: mtumiaji alifanya nini, alitarajia nini, na alipata nini. Ripoti hiyo hupewa namba isiyobadilika, na chini yake hukusanywa maelezo yote yanayofuata hadi itakapofungwa, ama kwa kurekebishwa, ama kwa kukataliwa, ama kwa kuunganishwa na ripoti nyingine iliyotangulia.

Mfano mkongwe ni ule wa Debian. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na mfumo wake wa kufuatilia hitilafu uliandikwa na Ian Jackson mwaka 1994. Mfumo huo huendeshwa kwa barua pepe: mtumiaji huandika barua, mfumo huipa namba, na majibu yote hujipanga chini ya namba hiyo mbele ya macho ya umma. Mwaka 1997 Debian iliupitisha Mkataba wake wa Kijamii, ambao miongoni mwa ahadi zake ni kwamba mradi hautaficha matatizo na kwamba hifadhidata yote ya hitilafu itakuwa wazi wakati wote. Mwezi Novemba 2021 daftari hilo lilifikia ripoti namba 1,000,000.

Ripoti za Debian hupangwa katika viwango saba vya uzito. Vitatu vya juu kabisa vinatosha kuzuia toleo jipya lisitoke, na cha chini kabisa ni cha matakwa, yaani jambo ambalo si kosa bali mtu angependa liwepo. Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa jicho la mwanasemantiki. Kiswahili hutofautisha kwa urahisi hitilafu, dosari, ombi, swali na hoja, ilhali madaftari mengi huvichanganya vyote chini ya jina moja, kisha huvitenganisha tena kwa lebo. Mabishano mengi yanayoonekana kuwa ya kiufundi ni mabishano juu ya lebo hizo. Mtumiaji husema, “Hii ni hitilafu,” naye mtunzaji wa programu hujibu, “Hilo ni ombi, programu inafanya kama ilivyokusudiwa.” Mwenye mamlaka ya kutoa jina ndiye mwenye mamlaka ya kuamua kama kazi itafanyika.

Hatua kubwa ya pili ilikuja mwaka 1998, pale kampuni ya Netscape ilipoufungua msimbo wa kivinjari chake na kuanzisha mradi wa Mozilla. Mwaka huohuo ilitolewa Bugzilla, programu ya kutunza daftari la hitilafu ambayo yenyewe ni huria, na ambayo miradi mingine mingi imeitumia tangu hapo.

3.0 Hoja za Wanaolikataa Daftari

Si haki kuwachukulia wanaolikataa daftari kuwa ni wavivu au wahafidhina. Baadhi yao wanaongoza miradi inayosifika kwa ubora. Mfano ulio wazi ni PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata ambao asili yake ni utafiti ulioanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Mradi huo hauna daftari la hitilafu kwa maana iliyoelezwa hapo juu. Mtumiaji akijaza fomu ya kuripoti, ripoti hupewa namba na kupelekwa kwa barua pepe kwa wahusika, na mazungumzo huendelea kwa barua. Namba hiyo haina hadhi ya “wazi” wala “imefungwa”. Licha ya hayo, kasoro nyingi hupatiwa majibu kwa haraka, na PostgreSQL inaaminiwa na taasisi nyingi duniani.

Mfano wa pili ni kiini cha Linux. Bugzilla ilifunguliwa kwa ajili yake mwaka 2002, lakini hadi leo mwongozo rasmi wa mradi huwaeleza watumiaji kwamba watunzaji wengi wa sehemu za kiini hicho hutaka kuandikiwa barua pepe, na kwamba ripoti iliyowekwa katika Bugzilla yaweza isionwe na mtu anayehusika.

Hoja za miradi hiyo zaweza kufupishwa hivi. Kwanza, barua humfikia mtu, ilhali ingizo katika daftari hungoja mtu alifikie. Pili, daftari hujaa: ripoti zisizo na mwenyewe hulimbikizana, na mradi huanza kuonekana mbovu kwa sababu tu umekuwa mwaminifu. Tatu, daftari huwavutia watu wanaodai bila kutoa. Hoja hii ya tatu imepata nguvu mpya katika miaka ya karibuni. Mwezi Januari 2024 Daniel Stenberg, mwanzilishi na kiongozi wa mradi wa curl, alieleza hadharani jinsi ripoti za usalama zilizotungwa kwa msaada wa akili unde zilivyokuwa zikimpotezea muda. Kwa lugha ripoti hizo zilikuwa fasaha na zenye mpangilio mzuri, lakini kasoro zilizodaiwa hazikuwapo. Ripoti mbovu ya zamani ilitambulikana kwa uandishi wake. Hii ya sasa humlazimu msomaji aichunguze hadi mwisho ndipo agundue kuwa ni tupu.

4.0 Daftari Lisilokiriwa

Hoja hizo zina uzito, ila hazithibitishi kwamba mradi waweza kuishi bila daftari. Yafaa kuitazama tena mifano hiyohiyo miwili.

PostgreSQL inapokaribia kutoa toleo jipya, watunzi wake huandaa ukurasa maalumu unaoorodhesha mambo ambayo hayajamalizika katika toleo hilo: kila jambo, mhusika wake na hatua lilipofikia. Aidha, tangu mwaka 2008 mradi huo umekuwa na utaratibu uitwao CommitFest, ambamo viraka vinavyosubiri kukaguliwa huorodheshwa na kufuatiliwa kimoja kimoja. Vilevile upo ukurasa wa kazi ambazo bado hazijafanywa. Kwa maneno mengine, mradi unaosemekana kutokuwa na daftari unayo madaftari matatu, isipokuwa hakuna hata moja linalomhudumia mtumiaji wa kawaida anayetaka kujua kama kasoro aliyoiona imekwisha kujulikana.

Kwa upande wa Linux, mwaka 2021 Thorsten Leemhuis alianza kuendesha programu aliyoiita regzbot, ambayo hupitia barua na kufuatilia hitilafu za aina moja mahususi: jambo lililofanya kazi katika toleo lililopita likaacha kufanya kazi katika toleo jipya. Ilihitajika kwa sababu ripoti za namna hiyo zilikuwa zikisahauliwa ndani ya mafuriko ya barua. Daftari lilikataliwa mlangoni, likaingilia dirishani.

Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Methali hii imezoeleka katika maduka na vyama vya ushirika, lakini maana yake inafika hapa pia. Barua iliyotumwa na kutojibiwa haionekani kuwa imepotea, kwani bado imo katika hifadhi na yeyote aweza kuitafuta. Kinachopotea ni habari kwamba jambo hilo bado halijatatuliwa. Hifadhi ya barua huonyesha kilichosemwa. Daftari huonyesha kilichobaki. Mkongwe wa mradi hahitaji kuonyeshwa kilichobaki, maana anakikumbuka. Mgeni hana pa kukikumbukia.

5.0 Ushahidi kutoka katika Kiswahili

Tofauti hiyo kati ya mkongwe na mgeni hudhihirika zaidi mradi unapofasiriwa katika lugha ambayo muundo wake haukufikiriwa na watunzi wa msimbo. Upatanisho wa kisarufi ni mfano mzuri. Programu nyingi hujenga ujumbe kwa kuunganisha vipande: jina la kitu, kisha neno moja linaloeleza kilichotokea. Kwa Kiingereza neno hilo halibadiliki, liwe linahusu faili, kiungo, ujumbe au mtumiaji. Kwa Kiswahili haiwezekani kuwa hivyo. Faili limefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa. Mfasiri aliyepewa kipande kimoja tu cha kujaza atalazimika ama kuchagua ngeli moja na kukosea katika nyingine zote, ama kukwepa kitenzi kabisa na kuandika kirai kisicho na upatanisho, ambacho msomaji atakiona kuwa ni Kiswahili cha mashine.

Kasoro hiyo haimo katika tafsiri. Imo katika msimbo. Hata mfasiri awe hodari namna gani, hawezi kuirekebisha ndani ya faili la tafsiri. Njia pekee aliyo nayo ni kumwarifu mtunzi wa msimbo kwamba ujumbe ule usijengwe kwa vipande. Iwapo mradi una daftari, ripoti yake itapewa namba, na mfasiri wa Kizulu au wa Kiganda anayekutana na tatizo hilohilo ataweza kuongeza ushahidi wake chini ya namba hiyohiyo. Iwapo hakuna daftari, kila mmoja ataandika barua yake kwa wakati wake, na kila barua itasomwa kana kwamba ni malalamiko ya lugha moja ndogo.

Kwamba ushahidi uliokusanywa pamoja huweza kubadili muundo, linathibitishwa na suala la idadi. Mfumo wa gettext, unaotumiwa na miradi mingi kufasiri ujumbe wa programu, una utaratibu wa kushughulikia umoja na wingi kwa kila lugha: Kirusi hupewa maumbo matatu, Kiarabu sita, Kiswahili mawili. Idadi ilipata utaratibu wake kwa kuwa lugha nyingi zenye wasemaji ndani ya jumuiya za watunzi ziliuhitaji. Ngeli hazijapata utaratibu wa namna hiyo katika mfumo huo. Mfumo wa Fluent, ambao Mozilla iliutoa rasmi mwaka 2019, umelegeza kidogo kifungo hicho kwa kumruhusu mfasiri kuambatanisha sifa za kisarufi na istilahi za mradi. Lakini miradi inayoutumia bado ni michache ikilinganishwa na ile inayotumia gettext.

Mfano mwingine ni wa istilahi. Kompyuta imeitwa pia tarakilishi na ngamizi. Neno la siri limeitwa pia nywila. Kipanya kimeitwa pia puku. Mtumiaji anayefungua programu iliyofasiriwa huona istilahi moja tu, ile iliyoshinda. Haoni zilizoshindwa, wala sababu za kushindwa kwake. Matokeo yake ni kwamba toleo jipya linapokuja na mfasiri mpya, mjadala uleule huanza upya, na mara nyingi huishia kwenye uamuzi tofauti. Udhaifu huo haukuletwa na kompyuta. Orodha za Tafsiri Sanifu ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuzitoa mwaka 1974 zilifanya kazi kubwa na ya kuheshimika, lakini zilimpa msomaji hukumu bila kumpa mwenendo wa kesi. Daftari la hitilafu, likitumiwa vizuri, laweza kuwa ndilo mwenendo wa kesi: nani alipendekeza neno gani, lilipingwa kwa hoja ipi, na likaamuliwa lini.

6.0 Masharti ya Daftari Lenye Manufaa

Kusema kwamba daftari linahitajika si kusema kwamba daftari lolote linafaa. Hoja za wanaolikataa zinafundisha masharti yanayopaswa kutimizwa.

Sharti la kwanza ni kuwapo kwa mtunza daftari. Kazi yake si kurekebisha hitilafu, bali ni kusoma ripoti, kuuliza maswali yanayokosekana, kuunganisha ripoti zinazofanana na kuzipeleka kwa mhusika. Mradi usioweza kumpata mtu wa kazi hiyo ni afadhali uendelee na barua kuliko kufungua daftari litakalogeuka kaburi la ripoti.

Sharti la pili ni haki ya kukataa kwa kutoa sababu. Mradi hauna wajibu wa kutimiza kila takwa, wala kuvumilia ripoti tupu zilizotungwa na mashine. Una wajibu wa kusema “hapana” waziwazi. Ripoti iliyofungwa kwa sentensi mbili za maelezo ina faida kwa anayekuja baadaye. Ripoti iliyoachwa wazi kwa miaka kumi bila neno haina faida kwa yeyote, na humvunja moyo aliyeiandika.

Sharti la tatu ni umiliki. Miradi mingi huweka daftari lake katika nyumba ya mtu mwingine. Google ilipotangaza mwezi Machi 2015 kuifunga huduma yake ya kuhifadhi miradi, miradi iliyokuwamo ililazimika kuhama kabla ya Januari 2016, na daftari ambalo halikuhamishwa lilibaki kuwa magofu ya kutazamwa tu. Mwezi Aprili 2022 mradi wa lugha ya Python ulihamisha daftari lake kutoka katika mfumo uliokuwa ukiuendesha wenyewe na kulipeleka GitHub, huduma ambayo tangu 2018 ni mali ya Microsoft. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake nzuri, hasa kuwarahisishia wachangiaji wapya kazi, lakini kila mradi unaofanya hivyo hauna budi kujiuliza kama unaweza kuondoka na kumbukumbu zake siku utakapotaka kuondoka. Mfumo wa Fossil ulioanzishwa na D. Richard Hipp unaonyesha njia nyingine: ripoti huhifadhiwa pamoja na msimbo, hivyo kila mwenye nakala ya msimbo aweza pia kuwa na nakala ya daftari.

Sharti la nne, ambalo halitajwi sana, ni lugha. Madaftari mengi huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa shule ya msingi anayetumia programu ya Kiswahili na kuona kosa la upatanisho ndiye shahidi bora wa kosa hilo, lakini huenda asiweze kuliandika kwa lugha ya daftari. Daftari lililo wazi kwa macho ya wote laweza kuwa limefungwa kwa kalamu za wengi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba miradi inayojivunia kutokuwa na daftari la hitilafu huwa na madaftari yasiyokiriwa, na kwamba madaftari hayo huwafaa wenyeji zaidi kuliko wageni. Kwa kuwa programu huria hujinasibu kuwa ni mali ya wote, kumbukumbu ya kasoro zake haina budi kuwa ya wote pia. Kwa hiyo miradi ya programu huria, hususan ile inayofasiriwa katika lugha nyingi, yafaa iwe na daftari la hitilafu lililo wazi, lenye mtunzaji, lenye kufungwa kwa sababu, na lenye kuweza kuhamishwa.

Upande wa pili wa wajibu huo unaviangukia vyuo. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta data juu ya uundaji wa istilahi, upatanisho wa ngeli na usanifishaji. Data hiyo imo katika madaftari hayo, na katika makosa ambayo hayajaingizwa humo bado. Mwanafunzi anayepokea malalamiko ya watumiaji kwa Kiswahili, akayachuja, akayaandika upya kwa lugha inayoeleweka na watunzi wa msimbo, na akayafuatilia hadi yafungwe, atakuwa amefanya utafiti na huduma kwa pamoja. Kazi ya namna hiyo haijazoeleka kuhesabiwa kuwa ni ya kitaaluma. Maadamu haihesabiwi, mfasiri wa Kiswahili ataendelea kuandika barua moja moja, na mtumiaji ataendelea kusoma kwenye skrini yake kwamba faili “imefutwa”.